Kuufundisha tena mkono baada ya kiharusi: kuufunga ule mzima, kutumia kioo, au kuirudia kazi yenyewe?

Mgonjwa wa kiharusi akisharuhusiwa kurudi nyumbani, miguu ndiyo hushughulikiwa kwanza. Kila mtu anataka kumwona anasimama, anafika chooni mwenyewe, anatoka kukaa barazani na wenzake. Mkono unaachwa umelala pajani. Wiki zinapita, mtu anazoea kuvaa, kula na kushika simu kwa mkono mmoja, na siku familia inapouliza "na huu mkono je?", ushauri unamiminika kutoka kila upande. Huyu anasema ufungeni ule mzima. Yule anasema mleteeni kioo. Wa tatu anasema mpeni tu kazi ndogondogo za nyumbani azifanye kila siku.

Wote watatu wana hoja. Kila njia imefanyiwa utafiti, na kila moja inaamsha ubongo kwa namna yake. Nimeziweka hapa pamoja ili nyumba iliyokwama ipate pa kuanzia, ikikaa na mtaalamu wake wa mazoezi tiba kuamua.

Mkono unavyoendeshwa

Mtazame mtu mwenye afya anaponyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Vidole havisubiri kufika. Vinaanza kufunguka mkono ukiwa njiani, na karibu theluthi mbili ya safari vinakuwa vimepanuka kuliko kikombe chenyewe, kisha vinajikunja taratibu hadi vinakikuta kikombe kwa kipimo chake. Mfaransa Marc Jeannerod, aliyefanya kazi Lyon, aliupima mwendo huu miaka ya 1980. Vipimo vyake vinaonyesha kwamba ubongo huwa umeshapanga mapema: umepokea picha kutoka machoni, umekadiria umbali na unene, umetuma amri kwa bega na kiwiko, na nyingine kwa vidole, zote zikienda sambamba.

Wakati huohuo serebela, ile sehemu iliyo nyuma ya kichwa chini ya ubongo mkubwa, inabashiri mkono utakavyohisi ukifika. Habari za macho na ngozi huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ubongo ungezisubiri kila mara, chai ingemwagika. Kwa hiyo unabashiri kwanza, unalinganisha ubashiri na kilichotokea, na ukiona tofauti unarekebisha amri ya safari inayofuata. Sehemu kubwa ya kujifunza mwendo ni kuipunguza tofauti hiyo, na haiwezi kupungua kwa mkono usiojaribu kitu.

Nyuzi za neva zinazobeba amri hizo hushuka kutoka kwenye gamba la ubongo, na nyingi huvukia upande wa pili kabla hazijaingia kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinalegeza mkono wa kulia. Msuli haujafa, kilichoharibika ni amri na njia yake. Seli za ubongo zilizokufa hazirudi, lakini za jirani zinaweza kuchukua sehemu ya kazi. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake walionyesha hilo kwa tumbili wadogo wa Amerika ya Kusini waliopata jeraha la ubongo. Waliofundishwa kuchota chembe za chakula kwenye vishimo hawakupoteza eneo la ubongo linaloendesha mkono, na kwa baadhi yao eneo hilo lilipanuka hadi mahali palipokuwa pa kiwiko na bega.

Vya kupima kabla ya kuchagua

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni *mkono unaweza nini leo*. Mwambie mgonjwa auweke mkono mezani na ajaribu kunyoosha vidole. Kisha ajaribu kuinua mkono kutoka ubavuni kwenda pembeni. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia wagonjwa 188. Walioweza kufanya yote mawili angalau kidogo, siku ya pili tu baada ya kiharusi, asilimia 98 yao waliupata tena mkono wa kufanyia kazi kwa kiasi fulani baada ya miezi 6. Kati ya wasioweza lolote, ni asilimia 25 tu walioupata. Kile kidole kinachonyooka kidogo tu kina habari nyingi, na familia nyingi hazikitazami.

Cha pili ni *kinachofanyika kichwani*: njia inaamsha amri, inabadilisha mazoea, au inanoa ustadi? Kisha *muda na mzigo*, yaani saa ngapi kwa siku na nani atakaa naye. Halafu *vifaa*, *ushahidi*, na mwisho *tahadhari*. Nitapita na kila njia kwa vigezo hivyohivyo, ingawa palipo na mengi nitakaa zaidi.

Njia ya kwanza: kuufunga mkono mzima

*Mkono unaofaa.* Lazima uwe na mwendo kiasi. Utafiti mkubwa wa njia hii uliwataka hata wale dhaifu zaidi waweze kuinua kiganja kwenye kifundo walau nyuzi 10, na kufungua kidole gumba na vidole vingine viwili kiasi hichohicho. Mkono usiosogea kabisa ukibaki peke yake, mtu anabaki bila mkono.

*Kinachofanyika kichwani.* Chimbuko lake ni Edward Taub wa Marekani. Katika majaribio yake, tumbili aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja aliacha kuutumia mkono huo, japo misuli ilikuwa bado inapata amri. Mkono mzima ulipofungwa, ule ulioachwa ulianza kazi tena. Taub akahitimisha kwamba ubongo ulikuwa *umejifunza* kutoutumia: siku za mwanzo kila jaribio lilishindikana, mkono mzima ukafanikiwa, na mazoea yakakaa. Binadamu anapita njia hiyohiyo. Mama anajaribu kufunga kanga kwa mkono dhaifu, inadondoka, anamalizia kwa ule mwingine. Baada ya miezi mitatu mkono ule umepata nguvu kuliko anavyoamini, lakini ubongo hauutumi tena. Kuufunga ule mzima kunavunja mazoea hayo.

*Muda na mzigo.* Hapa ndipo pagumu. Mpango kamili ni wiki 2, mkono mzima ukiwa ndani ya glavu nene kwa asilimia 90 ya muda mtu yuko macho, pamoja na mazoezi ya kusimamiwa hadi saa 6 kwa siku. Si nyumba nyingi zinazoweza. Upo mpango mwepesi uliopunguzwa makali: glavu saa 5 kwa siku za kazi, mazoezi ya nusu saa na mtaalamu mara 3 kwa wiki, kwa wiki 10. Kwa mazingira yetu huu wa pili ndio ninaoupendelea, kwa sababu unampa msaidizi nafasi ya kufanya shughuli nyingine.

*Vifaa.* Glavu ya kushikia sufuria au soksi nene inatosha. Kamba haifai, wala kuufunga mkono kifuani: mtu akijikwaa lazima aweze kujikinga kwa mkono huo mzima.

*Ushahidi.* Ni mzuri kwa wanaotimiza masharti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 Marekani, wenye watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, ulionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida, nafuu iliyodumu angalau mwaka mmoja.

*Tahadhari.* Msiikimbilie siku za mwanzo kwa nguvu zote. Utafiti wa mwaka 2009 wenye watu 52 ulianza ndani ya wiki za mwanzo. Waliopewa kipimo kikubwa walikuwa na mkono mbaya zaidi siku ya 90 kuliko waliopewa kidogo. Haraka ya familia inaeleweka, lakini ubongo uliojeruhiwa juzi haupendi kusukumwa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Marekani havikulifikiria. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula, na wa kushoto una kazi zake za usafi. Aliyelegea mkono wa kushoto akifungwa wa kulia ataambiwa ale kwa kushoto mbele za watu, na wengi watakataa, wana haki. Vueni glavu wakati wa chakula, wakati wa kutawadha na kila anapoingia chooni, na mpange saa za glavu katikati ya hizo. Aliyelegea wa kulia hali yake ni kinyume: hamu ya kula tena kwa mkono wa heshima inaweza kuwa ndiyo msukumo mkubwa alio nao, na wakati wa chakula ukawa zoezi bora la siku. Mpeni nafasi ya kumwaga. Tandikeni kitambaa na msimharakishe.

Njia ya pili: kioo

*Mkono unaofaa.* Hata ule usiosogea hata kidogo. Kwa sifa hii kioo hakina mpinzani kati ya hizi tatu.

*Kinachofanyika kichwani.* Kioo kinasimamishwa mezani katikati ya mwili, uso wake ukielekea mkono mzima. Mkono dhaifu unafichwa nyuma yake. Mtu anasogeza mkono mzima na kutazama kiooni, naye anaona kana kwamba ule dhaifu ndio unafungua na kufunga vidole. Vilayanur Ramachandran ndiye aliyeanza kutumia kioo hivi miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mkono na bado wakihisi maumivu ya mkono usiokuwepo. Mwaka 1999 yeye na wenzake wakaripoti majaribio yao kwa wagonjwa 9 wa kiharusi. Macho yanaupa ubongo habari kwamba amri imetekelezwa, na maeneo ya mwendo ya upande uliojeruhiwa yanaendelea kushughulika hata kabla msuli haujaweza kuitika.

*Muda na mzigo.* Mwepesi. Programu nyingi ni nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki kama 4. Ugumu wake ni utulivu. Redio izimwe, watoto wakacheze nje, pete na saa zivuliwe ili mikono miwili ifanane, na mtu atazame kioo kweli, si kumtazama anayemfundisha.

*Vifaa.* Kioo cha mezani kinachoonyesha mkono wote kuanzia vidole hadi chini ya kiwiko. Kioo kidogo cha kunyolea hakifai. Kingo zake zifunikwe kwa utepe ili asijikate.

*Ushahidi.* Mapitio makubwa ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 62, yaliona kwamba kioo kinasaidia mwendo wa mkono na shughuli za kila siku, na kinaweza kupunguza maumivu. Nafuu ni ya wastani. Anayetarajia mkono uamke ghafla atakata tamaa wiki ya pili.

*Tahadhari.* Wachache huhisi kizunguzungu au kichefuchefu, na wengine hushikwa na huzuni ya ghafla wanapouona "mkono wao" unatembea. Simamisheni, mwacheni apumue, mjaribu kesho kwa muda mfupi. Asiyeona vizuri, au anayesahau kabisa upande mmoja wa mwili kiasi kwamba macho hayaendi kiooni, atapata kidogo hapa.

Njia ya tatu: kuirudia kazi yenyewe

*Mkono unaofaa.* Wowote unaoweza kugusa au kushikilia kitu, hata kwa msaada. Dhaifu sana unaweza kuanza kwa kushikilia karatasi isiteleze wakati mwingine unaandika.

*Kinachofanyika kichwani.* Mkono unapewa kazi halisi: kuchambua mchele, kufunga vifungo vya shati, kukunja kanga, kukaza kifuniko cha chupa. Ubongo unapata kila kitu kwa pamoja, lengo, ubashiri, kosa na marekebisho. Miaka ya 1920, Nikolai Bernstein aliwapiga picha mafundi wa Moscow wakigonga patasi kwa nyundo. Aliona kuwa fundi hodari hupiga palepale kila mara, lakini bega, kiwiko na kifundo chake havipiti njia ileile mara mbili. Ubongo wake unatafuta upya kila pigo namna ya kufika. Kwa hiyo kurudia kunakofundisha ni kutatua tena tatizo lilelile. Kukunja na kukunjua mkono bila lengo hakumpi mtu cha kutatua.

Kwa pwani yetu sijui zana nzuri kuliko bao. Mkono unachota kete shimoni, unazihifadhi kiganjani kwa vidole viwili vya mwisho, kisha gumba na cha shahada vinaziachia moja moja, shimo kwa shimo, bila kurukwa. Kete ikidondoka mbili, kosa linaonekana hapohapo. Ni kazi ileile ya wale tumbili wa Nudo na vishimo vyao, isipokuwa mzee ana mpinzani wa kumshinda na baraza zima linatazama. Mwacheni acheze pole kwa mkono dhaifu. Wachezaji wenzake wakishaelewa, watamsubiri.

*Muda na mzigo.* Unasambaa siku nzima, na hilo ni jema na baya. Jema kwa sababu halihitaji saa maalumu. Baya kwa sababu kisichohesabiwa hakifanyiki. Watafiti waliotazama vipindi 312 vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, waliona kwamba katika vipindi vya kufundisha mkono kazi halisi, mkono ulirudia wastani wa mara 32 tu kwa kipindi. Tumbili wa maabara walikuwa wakirudia mamia kwa siku. Wekeni daftari, mwandike chupa ngapi zimefunguliwa leo.

*Vifaa.* Vilivyomo ndani.

*Ushahidi.* Ni mwingi, na mchanganyiko. Utafiti wa mwaka 2016 wenye watu 85, wote wakiwa wamepita miezi 6 baada ya kiharusi, ulilinganisha kurudia mara 3,200, 6,400 na 9,600, na kundi la nne lililoendelea kadiri lilivyoweza. Watu walipata nafuu ya kiasi, lakini waliorudia zaidi hawakuwazidi wenzao waziwazi. Kwangu maana yake ni kwamba idadi inahitaji ugumu unaopanda: chupa ikishakuwa rahisi, leteni yenye kifuniko kidogo.

*Tahadhari.* Mtu ni mwepesi wa kudanganya mwili bila kukusudia, anainamisha kiwiliwili mbele badala ya kunyoosha kiwiko. Kaeni pembeni yake mtazame bega na mgongo. Na mkono uliokufa ganzi usipewe kisu, pasi wala sufuria ya moto. Ngozi isiyohisi haimwambii ubongo kwamba inaungua.

Ya nne, kwa ufupi: kuwaza mwendo

Mtu anafumba macho na kuuona mkono wake ukichukua kikombe, ukihisi uzito wake, bila kusogea. Katika jaribio la Alvaro Pascual-Leone la mwaka 1995, watu wazima wenye afya waliofanya zoezi la piano la vidole vitano kichwani tu, kwa siku 5, walipanukiwa na eneo la vidole kwenye ubongo kama waliopiga kweli, ingawa kupiga kwao kuliboreka kwa kiasi kidogo zaidi. Haihitaji kifaa, inafaa mkono wowote, na haichoshi mwili. Inahitaji akili iliyotulia inayoshika maelekezo. Ichukueni kama nyongeza ya dakika 10 kabla ya njia nyingine.

Yanayohusu njia zote

Changanyeni kazi. John Shea na Robyn Morgan walionyesha mwaka 1979 kwamba waliofanya mazoezi ya aina tatu kwa mchanganyiko walikwenda polepole siku ya kujifunza, lakini walikumbuka vizuri zaidi baadaye kuliko waliomaliza aina moja ndipo wakaanza nyingine. Mgonjwa akionekana kusuasua kwa sababu mmebadilisha kazi, msirudi haraka kwenye ile rahisi. Usingizi nao ulindwe, kwa kuwa ubongo unaimarisha mwendo uliojifunza mtu akiwa amelala.

Bega ni la kuangaliwa kuliko vyote. Msimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea mnapomwinua kitandani. Shikeni kiunoni. Bega likishateguka na kuuma, njia zote nne zinasimama.

Uanze na ipi?

Ikiwa ni wiki za mwanzo na mkono hausogei: kioo kila siku, kuwaza mwendo kabla yake, na bega kulindwa. Mjaribu vidole kila wiki. Vikianza kunyooka, ongezeni kazi nyepesi.

Ikiwa vidole na kifundo vinasogea, miezi kadhaa imepita, lakini mtu ameuzoea mkono mmoja: glavu ndiyo inayolenga tatizo lake hasa, mradi yupo mtu wa kukaa naye na yeye mwenyewe amekubali. Anayelazimishwa anaivua ukigeuka.

Ikiwa mkono unasogea na nyumbani hakuna wa kusimamia mchana: kazi zenyewe na daftari, mkichagua tatu anazozijali. Mshonaji apewe kitambaa na vifungo, mchuuzi ahesabu sarafu.

Ikiwa maumivu ya mkono ndiyo yanayomzuia: aonwe kwanza na daktari au mtaalamu, kisha kioo kina nafasi nzuri.

Ikiwa miaka imepita: msiseme muda umekwisha. Katika ule utafiti wa watu 222, waliosubiri mwaka mzima kabla ya kupewa mazoezi ya glavu nao walipata nafuu.

Ikiwa kiharusi kimemnyang'anya pia maneno na haelewi maelezo marefu: glavu na kioo vitamchanganya. Mwekeeni kikombe mkononi, mfanye naye mara ya kwanza mkono juu ya mkono, kisha mwachieni.

Na udhaifu mpya ukitokea ghafla, uso ukipinda au maneno yakivurugika, achaneni na mazoezi siku hiyo, mpelekeni hospitali mara moja.